Kutoka Sen'jin hadi Ziwa la Machozi: kufuata nyayo za Darkspear kwa miguu

Safari hii nimeifanya nikiwa nimekaa kitini Mombasa, ndani ya World of Warcraft Classic, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, lakini barabara ni barabara na uchovu ni uchovu. Nimeiandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lililokuwa kando ya kibodi na rundo la picha za skrini ambazo nusu yake ni giza tupu, kwa sababu utakazoziona huko mbele.

Nilitaka kuitembea historia ya Darkspear, kabila la viumbe waitwao matroli, kinyumenyume: nianzie kijiji wanachokaa sasa, nirudi hadi msitu walikofukuzwa mababu zao. Matroli wa Darkspear kila walipotua mizigo walitimuliwa. Wametimuliwa na ndugu zao, wametimuliwa na bahari, wametimuliwa na mganga wa kwao wenyewe. Watu wengi huwachagua kwa sababu ya meno marefu na uchezaji ngoma wao, wakamaliza leveli zote bila kujua kwamba wanacheza mkimbizi.

Masharti niliyojiwekea: hakuna kumlipa mchawi anifungulie mlango wa mkato, hakuna popo wala ndege wa kukodi. Zepelini, chombo cha angani chenye puto, niliiruhusu, kwa kuwa Darkspear nao walivuka bahari kwa vyombo vya watu. Troli wangu ni mwindaji wa leveli 36. Hana kipando, maana kipando huanza leveli 40, na rafiki yake ni chui milia niliyemfuga siku nyingi zilizopita.

Kwa anayetaka kujaribu: ada ya seva za Ulaya ni euro 12.99 kwa mwezi, karibu shilingi 2,000 za Kenya. Bando si tatizo. Mchezo wenyewe unatumia data kidogo kuliko kutazama video. Kinachouma ni kuupakua mara ya kwanza, hivyo tafuta mahali penye Wi-Fi ya bure na uwe na subira.

ALHAMISI USIKU: SEN'JIN NA ECHO ISLES

Kijiji cha Sen'jin kiko ufukweni, kusini mwa Durotar. Vibanda vichache, vinyago vya mbao, bahari mbele na ardhi nyekundu kavu nyuma. Hakuna nyumba ya wageni wala kituo cha kuruka. Nilinunua mishale na samaki wa kumlisha chui, jumla haikufika hata dhahabu moja. Mfuga wanyama asiyebeba chakula ataachwa solemba njiani, kwa sababu mnyama mwenye njaa hununa na mwisho hutoroka.

Kijiji kimepewa jina la chifu ambaye hakuwahi kukanyaga hapa. Sen'jin alikufa kabla watu wake hawajafika Durotar. Mwanawe, Vol'jin, ndiye aliyewafikisha, na hata yeye hakuwaleta hapa kijijini kwanza. Waliishi visiwani, Echo Isles, vile vinavyoonekana kwa macho ukisimama kwenye mchanga. Walitolewa huko na mganga mmoja wa kabila lao, Zalazane, aliyewaroga wenzake akili zao zikawa mikononi mwake. Vol'jin akawachukua waliobaki na fahamu zao, wakavuka maji, wakajenga vibanda hivi. Basi Sen'jin ni kambi ya watu wanaoziona nyumba zao kila asubuhi na hawawezi kurudi.

Mzee wa hapo, Master Gadrin, humpa kila troli chipukizi kazi ya kwenda kuleta kichwa cha Zalazane. Nyingine ni kuleta fuvu la Minshina, ndugu yake, ambaye amekwisha kufa lakini roho yake bado imefungwa na uchawi kule visiwani. Nilizimaliza kazi hizo zamani, nikiwa leveli 10 na haraka ya mtoto. Usiku huu niliogelea tu kwenda kuangalia.

Maji ni mafupi, ila makrura wapo, wale kamba wakubwa wenye mikono ya kukwanyua. Kwa leveli 36 hawakunipa shida. Kisiwani nilipita kati ya vibanda vilevile vya kijijini: paa lilelile, vinyago vilevile. Mbele ya kimoja alisimama troli aliyerogwa, mgongo umepinda, mikono imening'inia karibu na magoti, nywele zimesimama kama zangu. Juu ya kichwa chake jina jekundu: adui. Alinigeukia, akanipiga, namba ndogondogo zikaruka, nikamwacha anipige huku nikipiga picha. Sikuona haja ya kumjibu.

Zalazane mwenyewe yuko. Huuawa na vijana wa leveli 10 na kila baada ya dakika chache huinuka tena. Classic ni hivyo, saa ya dunia imesimamishwa. Katika toleo jingine la mchezo, lile linalosonga mbele, Darkspear walirudi: Septemba 2010 kulikuwa na tukio la kuvikomboa visiwa, Vol'jin akimwomba msaada Bwonsamdi, mzimu mwenye kauli juu ya wafu wa matroli, na Zalazane akaenda moja kwa moja. Tangu upanuzi wa Cataclysm, Desemba mwaka huohuo, troli mpya huzaliwa Echo Isles kwenyewe. Lakini kwenye seva yangu hilo halijatokea na halitatokea.

IJUMAA: BARABARA YA DUROTAR, NA STIMA

Kutoka Sen'jin hadi Razor Hill ni mwendo wa vumbi, nguruwe na nge. Sina la kuhadithia. Razor Hill kuna nyumba ya wageni, na hapo nilifunga jiwe langu la nyumbani, lile linalokurudisha papo hapo ulikolifunga. Kumbuka hilo ukifuata njia hii: Sen'jin huwezi kulifunga, na jiwe likishatumika hulitumii tena mpaka saa nzima ipite.

Orgrimmar nilipitia Bonde la Roho, mtaa wa matroli, wenye kidimbwi na vibanda vilivyobanana pembeni mwa mji wa maorki. Ukiangalia ramani utaelewa hali yao ndani ya Horde, upande wetu katika vita vya mchezo huu: wamo, wanaheshimiwa, lakini wako pembeni. Kisha nikaenda kwenye jumba la Thrall kumsalimia Vol'jin. Amesimama humo humo na mkuu wa Horde, mwembamba, ameinama kidogo, na watu wanampita mbio kwenda kwa Thrall. Nilikaa pale kwa muda. Huyu ni mtu ambaye mbele ya safari atagombana na Garrosh, mrithi wa Thrall, atanusurika kuuawa kwa amri yake, ataanzisha uasi wa Darkspear, na mwaka 2013, baada ya kuzingirwa kwa Orgrimmar, atakuwa Warchief, yaani mkuu wa Horde, yeye mwenyewe. Troli wa kwanza kukikalia kile kiti. Halafu mwaka 2016, upanuzi wa Legion unapoanza tu, atajeruhiwa kwenye Broken Shore na kufa, akimwachia madaraka Sylvanas, malkia wa wafu-hai. Kwa maoni yangu walimharakisha mno. Kabila lililosubiri muda wote huo lilipewa kiti, na kabla halijakaa vizuri likanyang'anywa.

Mnara wa zepelini uko nje ya lango la mji, upande wa Durotar. Zepelini mbili hutumia mnara huo, moja ya Undercity, mji wa wafu-hai, na moja ya Grom'gol, na nauli ni bure. Msikilize goblini anayetangaza, usipande tu kwa kuona puto. Yangu ilikuwa inakaribia, naiona kabisa inavyoinama, stima ikapotea mtaa mzima. Ilirudi baada ya saa mbili hivi. Nilitumia muda huo kula viazi karai vya jirani, na nilipoingia tena mnarani alikuwapo mchawi mmoja mfu-hai, leveli 60, akisubiri chombo. Alinifungulia biashara bila kusema kitu, akaniwekea mikate ya kichawi na maji, akapunga mkono. Wachawi wengi wa Classic ndivyo walivyo, chakula kwao ni bure na hawana choyo. Jibu la heshima ni kuinama, amri ya /bow, halafu basi.

JUMAMOSI: GROM'GOL NA BLOODSCALP

Zepelini ikashusha pua kwenye msitu wa Stranglethorn na rangi zikabadilika. Baada ya wekundu wa Durotar, kijani kile kinaumiza macho. Sauti ya vyura, mvua ya ghafla, mizizi barabarani. Hapa ndiko kwao. Darkspear walikuwa sehemu ya dola ya Gurubashi iliyotawala msitu huu, na dola ilipovunjika makabila yakageukiana. Bloodscalp na Skullsplitter walikuwa na nguvu, Darkspear walikuwa wachache. Wakasukumwa hadi baharini.

Grom'gol ni ngome ya Horde kwenye ufukwe wa magharibi, ukuta wa magogo na mnara wa zepelini katikati. Matroli wa Darkspear wamo humo kama wageni katika nchi ya babu zao. Mmoja, Nimboya, alinipa kazi iliyobadilisha mpango wangu wa siku. Kijana wa Darkspear aitwaye Yenniku ametekwa na Bloodscalp. Nimboya anataka pembe tisa za Bloodscalp, yaani yale meno yao marefu, kama salamu. Mwenzake Kin'weelay naye anataka mikufu ya mifupa kutoka kwa watu walewale.

Bloodscalp wanakaa kaskazini-magharibi, kwenye magofu ya Zul'Kunda na vijiji vya kuzunguka. Njiani unapita katikati ya rapta na chui. Troli wana kipaji cha kuwaumiza wanyama kwa asilimia 5 zaidi, na hapa kinaonekana. Nyama ya rapta usiitupe: Grom'gol wanauza maelekezo ya kuichoma, unachohitaji ni nyama na viungo vikali, na chui wangu alikula iliyobaki ikiwa mbichi.

Kwenye gofu la kwanza nilisimama mbali nikaangalia. Ngazi za mawe zilizomea, moto, sufuria kubwa. Matroli wale wana sauti ileile ninayoisikia nikibonyeza mtu yeyote kule Sen'jin, lafudhi ya Jamaika iliyobandikwa na watengenezaji. Naomba niseme hapa jambo lililokuwa likinikera njia nzima. Sauti ya Karibiani, uganga unaofanana na wa Haiti, piramidi za Wamaya, vinyago vinavyofanana na vya kwetu, vyote vimetiwa katika sufuria moja na kuitwa troli, na kisha troli akafanywa mla watu. Ukikulia upande huu wa dunia unaliona hilo mapema. Bado nawapenda Darkspear, labda kwa sababu ndio waliopewa nafasi ya kuwa zaidi ya hivyo.

Nilipata pembe nne vizuri, kwa kumvuta mmoja mmoja. Ya tano ilileta watatu. Mwenye shoka alinifikia, mganga wao akawa anamponya, chui wangu akaanguka, nami nikajaribu ile mbinu ya mwindaji ya kujifanya maiti. Ikakataa. Nikawa maiti kweli.

Mzimu wangu ulikuwa bado haujafika nusu ya njia kutoka makaburini wakati kidirisha kiliponiuliza kama nakubali kufufuliwa. Shamani mmoja wa Kitauren, wale watu-ng'ombe, aliyekuwa akichuma majani ya dawa karibu, alikuwa ameuona mwili. Alinifufua, akanisubiri nimwinue chui, kisha akaandika kwa Kiingereza kibovu kuliko changu kwamba ana dakika ishirini kabla hajamlaza mtoto wake. Tulipata pembe zote na mikufu yote. Sijui anatoka nchi gani. Nilimpa nyama ya rapta ya kuchoma, akaila palepale, ameketi juu ya ngazi za Zul'Kunda.

Nimboya alipokea pembe. Hadithi haiishii hapo: ukiendelea na mlolongo wa kazi zake utakusanya vichwa vya Bloodscalp ili Kin'weelay azungumze navyo, na utagundua Yenniku yuko Zul'Mamwe, mikononi mwa Skullsplitter, akiwa si yule waliyemjua tena. Ni kama Echo Isles upya, kijana wa Darkspear aliyenyang'anywa akili. Kazi hizo za mbele zilinishinda leveli, nikaziacha.

Gharama ya siku: matengenezo ya silaha na mavazi baada ya kufa, sarafu za fedha 40 na kitu. Mishale nusu ya podo.

JUMAPILI: BOOTY BAY, SAMAKI NA ZANDALAR

Niliondoka Grom'gol asubuhi kufuata barabara kuu kusini. Ni ndefu, na sokwe hawakubali kupitwa kimya, lakini ukibaki barabarani utafika. Uwanja wa Gurubashi niliupita kando. Kila baada ya saa tatu huwekwa sanduku katikati ya uwanja na watu wa pande zote, hata wa upande wako, wanaruhusiwa kukuua humo. Kwa leveli yangu hapakuwa na sababu ya kushuka. Mwisho wa barabara kuna taya za papa mkubwa, unaingia ndani yake, unapita handaki, na ghafla uko Booty Bay, mji wa goblini uliojengwa kwa mbao za meli kuzunguka ghuba. Hapa Horde na Alliance, mahasimu wao, wote ni wateja. Ukianzisha ugomvi, mabaunsa wa goblini watakumaliza bila kukuuliza.

Nilikuwa nimepanga kufika kabla ya saa nane ya seva, ambayo msimu ule ilikuwa saa kumi yetu. Kila Jumapili muda huo huanza shindano la uvuvi la Stranglethorn: wa kwanza kupeleka samaki 40 wa aina moja maalumu kwa goblini aliye gatini ndiye mshindi. Ufuko mzima ulijaa. Nilisimama kwenye mwamba mmoja na kibeti wa Alliance mwenye ndevu hadi kiunoni. Hatuwezi kuongea, mchezo huyageuza maneno ya upande wa pili kuwa mabwabwaja, lakini kila alipoona samaki wamejikusanya upande wangu alikuwa akielekeza kwa mkono. Mamba alipotoka majini kunifuata mimi, yule kibeti ndiye aliyemwua. Nilipata samaki kumi na kidogo kabla mshindi hajatangazwa.

Pale mwambani, ndoana ikiwa majini, ndipo nilipoandika sehemu ya historia inayohusu bahari. Darkspear waliofukuzwa kutoka msitu huu walikimbilia kisiwa kidogo katika bahari ya kusini. Sen'jin alikuwa chifu wao huko. Kisa chake kimo kwenye misheni za orki za Warcraft III, mchezo wa 2002: meli za Thrall zinapigwa na dhoruba zikielekea bara la Kalimdor, zinatia nanga kwenye kisiwa hicho, na Sen'jin anamwambia Thrall kwamba ameona katika maono kijana wa kiorki akiwatoa watu wake kisiwani. Binadamu nao wako palepale na ngome yao. Halafu murloki, watu-samaki, wanawateka wote, Thrall na Sen'jin wakiwemo, ili watolewe kafara kwa Mchawi wa Bahari. Thrall anajifungua, anawafungua wengine, anachelewa kwa mzee mmoja tu. Sen'jin anakufa akimwomba asiwaache watu wake. Kisiwa kinaanza kutapika moto, bahari inapanda, meli zinatengenezwa huku zikishambuliwa, na Darkspear wanapakiwa. Ndivyo walivyoingia Horde. Mwaka uliofuata, kwenye The Frozen Throne, walikuwa wameshafika Echo Isles na tayari meli za Kul Tiras, taifa la binadamu, zinawashambulia. Rexxar, shujaa wa Horde, ndiye aliyewasaidia. Hata mwaka wa kupumua hawakupewa.

Jioni mtu alipaza sauti kwenye soga ya mji: dakika tano, kaeni tayari. Wenyeji wa Classic wanajua maana yake. Kikosi fulani kilikuwa kimemwua Hakkar, mungu wa damu, huko Zul'Gurub na kilikuwa kinapeleka moyo wake kisiwa cha Yojamba, kwenye kambi ya Zandalar. Moyo ukikabidhiwa, baraka ya Zandalar huwaangukia hata walio Booty Bay: nguvu zako zote hupanda kwa asilimia 15 na mwendo kwa asilimia 10, kwa saa mbili. Watu walikusanyika gatini wakicheza ngoma, ndipo mwanga ukashuka. Zandalar ndio kabila mama, matroli wa kwanza kabisa, walinzi wa maarifa ambao makabila mengine yote yalichipuka kwao. Troli wangu wa leveli 36, wa kabila dogo kuliko yote, kapata baraka ya wakubwa kwa sababu tu alikuwa gatini.

Muda wa baraka hausogei ukiwa nje ya mchezo. Nilitoka palepale.

JUMANNE: LANGO LA ZUL'GURUB

Jumatatu ilikuwa kazi, ile inayolipa bando.

Jumanne niliingia na kukimbia kaskazini na baraka yangu. Asilimia 10 si kitu kikubwa mpaka uwe unakimbizwa na sokwe. Zul'Gurub iko mashariki mwa msitu, mji mkuu wa Gurubashi. Unapanda ngazi za mawe pana mno, kama zilijengwa kwa gwaride, hadi kwenye lango. Ndani ni kwa kikosi cha watu 20 wa leveli za juu. Mimi nilikuwa wa mlangoni tu.

Mlangoni hapo palikuwa na watatu wakingoja wenzao. Mmoja, mchawi wa kuita mashetani, alinikaribisha kwenye kundi: kumwita mtu kutoka mbali kunahitaji mikono mitatu, na mwenzao alikuwa ameenda kutafuta chai. Nilibonyeza lile duara la zambarau kila mara, watu wakawa wanatokea mmoja mmoja. Walinipa dhahabu 5 kwa kazi hiyo. Ndiyo pesa kubwa pekee niliyopata njia nzima.

Tulipokuwa tukiendelea niliwauliza kama wanajua wanamwua nani. Wawili walijua. Gurubashi walipokuwa wakididimia walimwita Hakkar, mungu wa damu, awarudishie ukuu. Aliwapa ushindi, kisha akaanza kudai roho, kila siku zaidi. Wakagawanyika: wengi walimwasi wakisaidiwa na Zandalar, na makuhani wake sugu, Atal'ai, wakafukuzwa. Ni vita hivyo vya ndani vilivyoiua dola, na ni mabaki yake yaliyowafukuza Darkspear. Hakkar aliporudi baadaye, Zandalar walituma makuhani wao wakuu watano, wa popo, nyoka, buibui, chui milia na chui mweusi, wamzuie. Akawatawala wote. Ndio hao wanaouawa kila wiki na vikosi kama hiki.

Mwingine alikumbuka kilichotokea Zul'Gurub ilipofunguliwa mara ya kwanza, Septemba 2005. Hakkar hutupa laana ya damu iliyochafuka inayoruka kutoka mtu hadi mtu. Ilitakiwa ibaki ndani. Lakini wanyama wa wawindaji, wakiondolewa wakiwa nayo na kuitwa tena mjini, walitoka nayo, na hata wauzaji wa mijini wakaibeba bila kufa. Wachezaji wa leveli ndogo walianguka barabarani, miji ikajaa mifupa, wengine wakakimbilia mashamba, wengine wakaieneza kwa makusudi. Ilibidi kampuni iwashe seva upya na kubadilisha mchezo. Watafiti wa magonjwa waliichukulia kwa uzito, na mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuihusu katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Nilimtazama chui wangu aliyekuwa amelala kwenye ngazi, asiye na hatia.

Kikosi kikaingia. Baraka ilikuwa imebaki kama saa moja, nikatoka.

JUMATANO, USIKU: DUSKWOOD, DEADWIND, BWAWA

Hii ndiyo sehemu ya picha za giza. Kutoka Stranglethorn kwenda kaskazini unapita karibu na kambi ya waasi, ambayo ni ya Alliance na ina walinzi. Ipite mbali. Ukishavuka uko Duskwood, ambako jua halichomozi kabisa. Ni barabara ya mawe, taa za mafuta, mbwa mwitu na buibui wakubwa kila upande. Nilikimbia na mbinu ya duma inayoongeza mwendo, lakini tahadhari: ukipigwa hata mara moja ukiwa nayo unapumbaa na kutembea kama mlevi. Nilipumbaa mara nyingi.

Darkshire ni mji wa Alliance na barabara inapita ndani yake. Niliuzunguka kwa kusini kupitia msituni. Huko nyuma ya mti nikakutana uso kwa uso na paladini wa kibinadamu, leveli 60, farasi wa chuma na kila kitu. Seva yangu si ya vita, hawezi kunigusa nisipotaka, lakini moyo haujui hilo. Alisimama. Nikapunga. Akapunga. Buibui wawili walionifuata akawaua, kisha akanisindikiza mpaka barabara ya mashariki, farasi akienda hatua kwa hatua ili nisiachwe, na akarudi zake.

Deadwind ni korongo la kijivu, miti mikavu, tai na majitu ya leveli 50 na zaidi. Kusini mwake uko mnara wa Karazhan. Hapa siri ni moja: kaa katikati ya barabara na usisimame kupiga picha. Safari hii kujifanya maiti kulikubali, mara mbili.

Ukishuka upande wa pili ni Bwawa la Huzuni na hewa inakuwa nzito ya kijani. Stonard ni kituo cha Horde katikati ya matope, na nilipofika jambo la kwanza nililofanya ni kuzungumza na msimamizi wa kituo cha kuruka ili njia ibaki wazi. Mtu yeyote anayekuja huku afanye hivyo kabla ya kula. Hutataka kuirudia ile korongo.

Kutoka Stonard nilielekea mashariki hadi Ziwa la Machozi. Atal'ai waliofukuzwa Zul'Gurub walikuja huku bwawani wakajenga hekalu, Atal'Hakkar, wamwite mungu wao tena. Ysera, joka mkuu wa kijani, akalizamisha. Sasa ni ziwa lenye kilele cha jiwe katikati, na majoka wake bado wanalinda kingo. Nilipiga mbizi nikaona nguzo, ngazi, na kwenye tope masalio ya kale ya Atal'ai ambayo yupo mzee Stonard anayeyatafuta. Nilichukua matatu kabla pumzi haijaisha na kabla joka-mtu mmoja hajaniona.

Ukizipanga pamoja hadithi hizo mbili, ya Atal'ai na ya Darkspear, utaona kitu ambacho vitabu vya mchezo hukitaja haraka. Mgogoro mmoja wa Gurubashi ulizalisha wakimbizi wa pande mbili. Atal'ai walikimbia na mungu wao, wakamjengea nyumba mpya, wakazama naye. Darkspear walikimbia bila chochote. Kina nani waliishia na watoto wanaokua, majibu yako Sen'jin, yakivua samaki.

Nilitumia jiwe nikiwa bado natiririka maji, nikatokea Razor Hill. Jumla ya matumizi, bila ada ya mwezi: dhahabu 3 na ushee, kubwa likiwa matengenezo, na zile 5 za mlangoni zilizilipa zote na chenji ikabaki. Anayetaka kwenda na awe leveli 35 hadi 40, abebe mishale mara mbili ya anayodhani inatosha, na Duskwood aivuke akiwa na baraka ya Zandalar kama anaweza kuipata. Ratiba za kuikabidhi huwa zinatangazwa na vikosi vya kila seva, zaidi wikendi. Mimi nikifika leveli 44 hivi nataka kwenda Zul'Farrak, jangwani Tanaris, kwa matroli wa mchangani. Meli ya Booty Bay hadi Ratchet ni bure, kutoka hapo ni miguu hadi kusini kabisa. Kama kuna mtu wa Horde upande wa Ulaya anayecheza saa za Afrika Mashariki, tuonane Ratchet, gatini.